Kumwekea mtoto malengo ya masomo ya nyumbani: mwongozo kwa wazazi wa Goma

Mwaka wa kwanza nilipoanza kumsomesha binti yangu nyumbani, nilikaa mezani jioni moja na kaye mpya nikaandika malengo thelathini na moja. Asome Kifaransa vizuri. Ajue hesabu. Apende sayansi. Awe na mwandiko safi. Nililala nikiwa na amani, nikidhani kazi kubwa imekwisha. Wiki sita baadaye nilifungua ile kaye na sikuweza kusema, hata kwa lengo moja, kama tumelifikia au bado. Kusoma "vizuri" ni kusoma kiasi gani? Kupenda sayansi nitakuona wapi?

Binti yangu alikuwa na miaka minane, umri wa kalasi ya tatu. Ilinichukua muhula mzima kuelewa kwamba lengo linalofaa ni jambo ambalo mtoto atalifanya mwenyewe mbele ya macho yangu, bila mimi kumsaidia, na mimi nikaweza kulihesabu. Yote ninayoandika hapa chini yanatoka hapo.

Hatua ya 1: Jua mtoto amesimama wapi

Usianze kuandika malengo kabla ya kumsikiliza mtoto. Chukua asubuhi mbili. Usimwambie ni mtihani, mwambie unataka kujua muanzie wapi. Kaa naye pembeni, shika biki, na ujizuie kumsahihisha. Hilo la kujizuia ndilo gumu kuliko yote.

Asubuhi ya kwanza ni ya kusoma. Mpe ukurasa wa Kiswahili ambao hajawahi kuuona. Weka saa ya simu dakika moja, asome kwa sauti, wewe hesabu maneno aliyoyasoma sawasawa. Kisha funga kitabu umwambie: "Nielezee ulichosoma." Andika idadi ya maneno, na andika pia kama ameelewa. Fanya hivyo hivyo kwa Kifaransa, na maandishi mepesi zaidi. Halafu msomee sentensi tatu kwa kila lugha aziandike.

Tahadhari moja: usilinganishe idadi ya maneno ya Kiswahili na ya Kifaransa. Neno letu moja hubeba sentensi nzima. "Hatukumwona" ni neno moja, Kifaransa chake ni "nous ne l'avons pas vu". Mtoto anayesoma maneno 30 ya Kiswahili kwa dakika amesoma mambo mengi kuliko anayesoma 30 ya Kifaransa. Kila lugha ilinganishe na yenyewe, ya leo na ya mwezi ujao.

Asubuhi ya pili ni ya hesabu. Andaa maswali kumi yanayopanda polepole, kuanzia kujumlisha namba ndogo hadi kugawanya, na usimame akikosa matatu mfululizo. Halafu fanya jambo ambalo wazazi wengi hatulifanyi: muulize swali lile lile mara mbili, mara ya kwanza kwa mdomo kama mko sokoni, mara ya pili kwa maandishi.

Nilimuuliza binti yangu: "Nimekupa noti ya 5,000. Umenunua sambaza za 2,500 na lengalenga na nyanya za 1,700. Unaniletea ngapi?" Aliangalia dari kidogo. "Elfu nne na mia mbili... mia nane, Mama." Sawa kabisa. Nikampa karatasi, nikaandika 5,000 kutoa 4,200, moja chini ya nyingine. Aliandika 1,200.

Nilitaka kumwambia amekosea. Badala yake nikamwomba anionyeshe alivyofanya. Kwenye safu ya mamia aliona sifuri juu na mbili chini, na kwa kuwa mbili haitoki kwenye sifuri, aligeuza akatoa sifuri kwenye mbili. Kichwani alihesabu kwa kupanda kutoka 4,200 hadi 5,000, kama wauza sambaza wa soko la Kituku wanavyorudisha chenji. Kwenye karatasi alifuata kanuni ambayo hakuielewa. Kumbe tatizo lake halikuwa "hesabu". Lilikuwa jambo moja dogo lenye jina: kutoa kwa kukopa, pale juu panapokuwa na sifuri. Lengo la muhula mzima lilitoka kwenye karatasi ile.

Hatua ya 2: Jua anakoelekea

Hata kama mtoto anasomea nyumbani, usitunge dunia yako peke yako. Siku moja atarudi shuleni, au atahitaji cheti. Katiba ya nchi yetu, Kongo, ya 18 Februari 2006, ibara ya 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za serikali. Ibara hiyo hiyo inawapa wazazi haki ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao. Haki hiyo haikuondolei wajibu wa kumfikisha mtoto mahali.

Shule ya msingi kwetu ni miaka sita, kwa ngazi tatu za miaka miwili miwili. Mwishoni mwa kalasi ya sita kuna mtihani wa taifa, ule ambao wazazi wengi bado tunauita TENAFEP, wenye Kifaransa, hesabu na maarifa ya jumla. Kwa hiyo tafuta programu ya taifa ya kalasi ya mtoto wako. Mwalimu yeyote unayesali naye au unayeishi naye mtaa mmoja anaweza kukuazima siku mbili upige picha kurasa kwa simu. Usiinakili yote. Soma orodha ya mambo ya mwaka mmoja na uweke alama tatu: anayojua, anayoyajua nusu, asiyoyajua kabisa. Malengo yako ya muhula wa kwanza yatoke kwenye yale ya nusu. Hapo ndipo mtoto anapiga hatua haraka na kupata moyo.

Na kabla mwaka haujaenda mbali, nenda ukaongee na direkta wa shule iliyo karibu. Muulize mambo mawili: mtoto akitaka kurudi atapimwa vipi, na akifika kalasi ya sita ataandikishwaje kwa mtihani. Usingoje mwaka wa mtihani ndipo uanze kubisha mlango.

Hatua ya 3: Andika lengo lenye sehemu nne

Kila lengo liwe na tendo, kitu, kiasi na siku. Lengo langu la zamani lilikuwa "ajue kutoa". Lengo jipya: "Kufikia Ijumaa ya mwisho ya Novemba, ataandika na kukokotoa hesabu kumi za kutoa za namba zenye tarakimu nne, zenye sifuri juu, na kupata angalau nane bila kuniuliza."

Ukisoma lengo na huwezi kufikiria siku ya kulipima itakavyokuwa, yaani mtoto ameketi wapi, ana nini mkononi, wewe unahesabu nini, basi bado hujaliandika. Maneno kama kujua, kuelewa, kuzoea na kupenda yafute. Weka kusoma, kuandika, kupima, kusimulia, kuchora, kutaja, kutengeneza.

Malengo matano au sita kwa muhula yanatosha: mawili ya lugha, moja au mawili ya hesabu, moja la sayansi au mazingira. La mwisho achague mtoto mwenyewe, na usilibadilishe. Wangu alichagua kutengeneza chukudu kidogo, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kusukumia mizigo. Nilikubali bila furaha kubwa. Lakini alipima magurudumu kwa sentimita, akachora kabla ya kukata, akajifunza kwamba magurudumu mawili yasiyolingana hayaendi popote. Mambo ya vipimo ambayo nilikuwa nimeyapangia Machi aliyamaliza Desemba.

Hatua ya 4: Lugha, na hapa usiharakishe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona watoto wengi wa Goma wakiitwa wazito wa akili wakati wamechanganyiwa lugha mbili tu.

Anza na kusoma Kiswahili hadi kiwe chepesi, hata kama ndoto yako ni Kifaransa. Kiswahili huandikwa kinavyosemwa. Mtoto akijua irabu tano na silabi zake, anaweza kusoma neno lolote, na anapata ule ujasiri wa kusema "mimi ninasoma". Ujuzi wa kuunganisha herufi ni mmoja, akiupata kwa lugha ya mama yake hataanza upya kwa lugha nyingine. Programu yenyewe ya taifa inaanza na lugha zetu katika miaka ya kwanza, kisha Kifaransa kinachukua nafasi.

Kuna kikwazo chetu cha hapa. Mtoto wa Goma anasema "mutoto" na "mutu". Kitabu kinaandika "mtoto" na "mtu". Anafika kwenye m isiyo na irabu anakwama. Usimcheke na usimwambie Kiswahili chake ni kibovu. Mwambie: nyumbani tunasema hivi, kitabuni tunaandika hivi. Lengo lake: "Atasoma maneno 20 yenye m bila irabu, kama mti, mkate, mlima, mgeni, na kupata 18." Wiki mbili zinatosha.

Kifaransa ni habari nyingine, kwa kuwa herufi zile zile zinabadilisha sauti. Siku moja binti yangu alisoma neno "bateau" hivi: ba-te-a-u. Alilisoma sawasawa kabisa, kwa kanuni za Kiswahili. Akaniuliza, "Hii ba-te-a-u ni nini?" Nikamwambia: bato. Akasimama. "Bato! Ile ya kwenda Bukavu?" Neno alikuwa analijua tangu utoto, analisikia bandarini kila siku. Hakuwahi tu kuliona limevaa nguo zake.

Tangu hapo malengo yetu ya Kifaransa yanafuata makundi ya herufi, kundi moja kwa wiki. "Ou" ni u yetu. "Ch" ni sh yetu, na hapa watoto wote wanaanguka, maana ch wanaijua kwa chai na chakula. "Eau" na "au" ni o. "Oi" ni wa. "Ai" ni e. Kisha zile za puani, "on" na "an", ambazo hatunazo, hivyo azisikie kwanza kwa siku kadhaa kabla ya kuzisoma. Kila Jumatatu tunaandika kundi la wiki kwenye karatasi kubwa ukutani, na yeye anawinda maneno yenye kundi hilo: kwenye gunia la saruji, kwenye paketi ya sabuni, kwenye mabango ya barabarani. Mji wetu umejaa Kifaransa cha bure.

Mfano wa lengo la muhula: "Atasoma kwa sauti maneno 20 ya Kifaransa ambayo hajawahi kuyaona, yenye ou, ch, eau, oi na on, na kupata 16." Sisitiza hayo ya "ambayo hajawahi kuyaona". Bila hayo utapima kukariri tu. Kwa kuandika, sentensi tatu zake mwenyewe zinanipa habari nyingi kuliko ukurasa mzima aliounakili ubaoni.

Hatua ya 5: Hesabu

Fundisha wazo kwa Kiswahili, kisha majina kwa Kifaransa. Namba zetu zinasema ukweli wake: kumi na moja, kumi na mbili. Onze na douze hazionyeshi kumi yao. Sabini ni septante, tisini ni nonante, tunavyosema hapa Kongo, lakini themanini ni quatre-vingts, nne mara ishirini. Mtoto mwenye uwezo wa kukokotoa anaweza kuandika 42 akisikia quatre-vingt-deux, na mzazi akadhani hajui hesabu. Kwa hiyo weka malengo mawili tofauti: la kukokotoa, na la kuandika namba za 70 hadi 99 zikitajwa kwa Kifaransa, nane kati ya kumi.

Jedwali la kuzidisha linatisha bila sababu. Kuanzia mbili hadi tisa, ukikumbuka kwamba 3 × 7 na 7 × 3 ni kitu kimoja, kuna mazidisho 36 tu. Ondoa ya mbili na ya tano, ambayo watoto hushika haraka, yanabaki 21. Mazidisho mawili kwa wiki, ndani ya wiki kumi na moja umemaliza. Nilipomwonyesha binti yangu kwamba zimebaki 21, si mamia, alizikata mwenyewe kwa biki moja moja, mbili kwa kila wiki.

Mtoto wa miaka kumi na zaidi mwekee lengo la dola na faranga, kwa kuwa ndiyo maisha yetu. Kama wa kubadilisha pesa anatoa faranga 2,800 kwa dola, dola 15 ni ngapi? Na faranga 70,000 ni dola ngapi? Kila Ijumaa chukua bei ya siku hiyo mkokotoe upya. Kuzidisha na kugawanya kunakuwa na maana.

Hatua ya 6: Sayansi inayomlinda

Sitasema mengi kuhusu jiografia, historia, sanaa na michezo. Lengo moja dogo kwa muhula linatosha katika umri huu. Lakini kuna lengo moja la sayansi ambalo kila mtoto anayeishi chini ya volkano yetu, Nyiragongo, analihitaji: mazuku.

Mazuku ni hewa ya kaboni dioksaidi inayotoka ardhini. Haina rangi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala mabondeni na mashimoni, na huua mbuzi na watu. Mtoto ni mfupi, anachezea chini, yuko karibu nayo kuliko sisi. Lengo letu lilikuwa: "Ataeleza kwa maneno yake kwa nini mazuku inakaa chini, ataonyesha kwa mshumaa, na atataja mahali pawili ambapo mtoto hapaswi kushuka."

Jaribio ni hili, mzazi akiwepo. Weka ndani ya sufuria kubwa vishumaa viwili, kimoja kifupi, kimoja kirefu, uviwashe. Weka bikarbonati ndani ya sufuria, pembeni kwenye kitako chake, umwagie siki polepole bila kugusa mishumaa. Mfupi unazimika kwanza. Binti yangu alikaa kimya, kisha akasema, "Mfupi ndiye mimi." Sikuwa na la kuongeza.

Hatua ya 7: Panga wiki, kisha pima

Muhula ukiwa na wiki kumi na mbili, panga kazi za kumi. Mbili zitaliwa na malaria, msiba, maji kukatika au mambo ya mji, na zikibaki ni za kurudia. Lile jedwali la kuzidisha, ukiona limezidi wiki kumi, anza nalo kabla ya muhula. Gawa kila lengo kwa kurudi nyuma: kama mtihani ni wiki ya kumi, wiki ya tano awe amefika wapi?

Kwa mtoto wa kalasi za chini, saa mbili na nusu za asubuhi zinatosha kabisa nyumbani, kwa vipande vya dakika ishirini au thelathini. Usitegemee jioni. Kwetu jua linazama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, na umeme hauna ahadi. Lugha iwe ya kwanza, kichwa kikiwa bado kibichi, baada ya maji kuchotwa na chai kunywewa. Kama Kifaransa chako ni kidogo, tafuta jirani mbadilishane: wewe chukua hesabu za wanawe, yeye achukue Kifaransa cha wako. Mtoto atapata pia wenzake, naye anawahitaji.

Ijumaa ni siku ya kupima, dakika kumi tu, kwa lengo moja au mawili. Akipata manne kati ya matano kwa Ijumaa mbili zinazofuatana, songa mbele, usimng'ang'anize akamilishe yote. Akishindwa wiki tatu mfululizo, lipunguze lengo, usimlaumu mtoto. Likate katikati, au rudi hatua moja nyuma, maana mara nyingi tatizo liko kwenye kitu cha kabla yake. Binti yangu alikwama kugawanya karibu mwezi mzima. Alichokosa kilikuwa jedwali la sita.

Kila wiki ya sita, rudia kile kipimo cha Hatua ya 1, kwa ukurasa mpya. Andika tarehe. Mwonyeshe mtoto namba ya kwanza na ya leo, zikae pamoja.

Hatua ya 8: Andaa mpango wa siku mbaya

Hapa kwetu mpango usio na sehemu hii hauna maana. Machi 2020 shule zilifungwa kwa korona. Mei 2021 mlima ulilipuka, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaambiwa ihame. Mwisho wa Januari 2025 vita vilifika mjini na shule zikafungwa tena. Kila mara nilijaribu kuendelea na ratiba kamili, kila mara nikashindwa, na mtoto akaona mama yake anashindwa.

Sasa tuna karatasi ndogo iliyobandikwa ndani ya jalada la kaye, yenye mambo matatu tu: asome ukurasa mmoja wa kitabu chochote kilichopo, afanye hesabu tano alizokwisha kujua, anisimulie kitu kimoja nami nikiandike anavyokisema. Robo tatu ya saa. Jambo jipya halifundishwi siku hizo, na malengo ya muhula yanasimama bila kufutwa. Utulivu ukirudi, wiki ya kwanza yote ni ya kurudia.

Weka pia mfuko mmoja wa plastiki mzito, usioingia maji. Ndani yake: nakala ya cheti cha kuzaliwa, biletini ya mwisho ya shule kama ipo, karatasi za vipimo za wiki ya sita zenye tarehe, dikte moja ya kila mwezi, na orodha ya malengo yenye alama ya yaliyofikiwa. Mtoto akirudi shuleni, direkta atataka kuona kitu mkononi, na karatasi hizo zitasaidia asirudishwe kalasi mbili nyuma bila sababu. Wetu unaning'inia nyuma ya mlango, mahali ambapo hata mtoto anaufikia, pamoja na biki mbili na kaye moja tupu.